Bendi za mpira za kumuimarisha farasi kiuno na tumbo, kuna aliyetumia hapa Dar?

Nuru_Kgmb

Habari za jioni wakuu. Najua humu watu wa farasi hatuko wengi ila wapo, naombeni msaada wenu.

Nina jike la miaka kama 14 hivi, tuko naye Kigamboni. Mwaka jana aliumwa ule ugonjwa wa kupe, homa kali, fizi zikawa njano, akatibiwa akapona lakini alikaa miezi bila kufanya kazi yoyote na alivorudi sio yule. Mgongo umeisha, yani ukipitisha mkono pande zote mbili za uti wa mgongo unakuta pamebonyea, matako yamechongoka, tumbo ndo limeshuka chini kama lina mimba na halina. Akitembea ufukweni nikirudi kuangalia nyayo naona miguu ya nyuma inaburuza ncha za kwato, inaacha mistari mchangani. Zamani alikuwa ananyanyua vizuri tu.

Sasa dada mmoja tunayepanda naye amenionesha video za wenzetu wa nje wanatumia zile bendi za mpira, moja inapita nyuma ya mapaja ya farasi na nyingine chini ya tumbo, zote zinashikizwa kwenye pedi ya chini ya tandiko, halafu farasi anafanyishwa kazi nazo. Wanasema zinajenga nguvu ya nyuma na tumbo. Maswali yangu, je ni kitu cha kweli au ni biashara ya watu? Zile bendi za mazoezi ya binadamu zinazouzwa Kariakoo naweza kuunganisha nikatumia? Na naanzaje, maana huyu jike hapendi kitu kimguse nyuma, alishawahi kurusha teke kwa kamba tu iliyomgusa mguu. Nampenda sana huyu mnyama na sitaki kumuumiza kwa haraka zangu.

Chaz_Temeke

Mkuu mi sina farasi ila nafanya gym. Kariakoo bendi zipo nyingi, hata tyubu ya baiskeli ukiikata vizuri inavuta kuliko hizo za dukani na ni bei poa. Kadri inavokuwa ngumu ndo misuli inajengeka, anza na ngumu kabisa farasi ana nguvu yule.

VetMoro

Chaz nakuelewa unataka kusaidia lakini hapana, tyubu usimfunge farasi. Ile haina mvutano unaoeleweka, ikikatika inarudi kama mjeledi, na ngozi ya farasi ndani ya mapaja ni laini sana itachubuka siku ya kwanza. Na hiyo ya kwamba ngumu zaidi ndo bora, kwa farasi sivyo kabisa, kuna atakayeeleza hapo chini naamini.

Dada Nuru, mi nianze na mnyama kwanza, bendi baadaye. Ugonjwa wa kupe kwa farasi unaletwa hasa na vijidudu viwili, Babesia caballi na Theileria equi. Huyu wa pili farasi akishampata kwa kawaida anabaki naye maisha yake yote hata akionekana mzima, na akichoshwa au akipata msongo anaweza kurudi kuumwa. Kwa hiyo kabla hujamwekea kazi yoyote mpya nataka ujue damu yake imerudi kiasi gani. Vipimo vya damu wafanye, lakini hata wewe mwenyewe kila asubuhi kabla hajatoka mpime: mapigo ya moyo akiwa ametulia yawe kati ya 28 na 44 kwa dakika, joto lisizidi 38.5, fizi ziwe za pinki, sio nyeupe wala njano. Ukiona mapigo yamepanda hata hajafanya kitu, hiyo siku hana mazoezi.

Jambo la pili ni maumivu. Farasi akiburuza ncha za kwato za nyuma sio lazima iwe udhaifu. Inaweza kuwa mgongo unauma, inaweza kuwa kiungo kati ya nyonga na uti wa mgongo, inaweza kuwa goti la nyuma, inaweza kuwa kwato zimeachwa ndefu tu basi, inaweza hata kuwa neva. Na ule msuli mdogo wa ndani unaoshikilia pingili za uti wa mgongo, unaitwa maltifidasi, mgongo ukiuma wenyewe unanywea, na maumivu yakiisha haujirudishi peke yake mpaka uufanyishe kazi. Ndo maana mtu anamuona farasi kapona lakini mgongo bado umebonyea. Ukimfunga bendi mnyama mwenye maumivu unamlazimisha atumie sehemu inayomuuma, atatafuta njia ya kukwepa na utamjengea misuli ya kukwepa. Aangaliwe akitembea mstari mnyooka kwenye sehemu ngumu, akizungushwa duara ndogo, akirudi kinyumenyume, na mgongo ubonyezwe pingili kwa pingili.

Akipita hapo ndo tuongee bendi.

Zai_Mbezi

Pole Nuru na hongera kwa kuuliza kabla, wengi wanafunga kwanza wanauliza baadaye.

Mi nilijifunzia hizi bendi nje kwenye banda nililofanyia kazi, na hapa nyumbani nimeshawatumia farasi kadhaa, nazipenda kweli kweli ila nazipenda kwa sababu tofauti na watu wengi wanavofikiri. Watu wanaona neno mazoezi ya bendi wanadhani ni kama chuma cha gym, farasi anasukuma mpira ndo misuli inakua. Farasi ana kilo 450 au 500, mpira ule kwake ni nini? Hauwezi kumzuia. Kazi yake ni kumkumbusha. Ngozi ya farasi inahisi inzi mmoja akitua, sasa akitembea na kitu kinachomgusa nyuma ya mapaja kila hatua, ubongo unapata taarifa kila wakati kwamba mguu uko hapa, nyonga iko hapa, na mwili unajibu kwa kusogeza mguu wa nyuma ndani zaidi chini ya tumbo. Ile ya tumbo hivyo hivyo, inagusa misuli ya tumbo inaikumbusha kubana. Ni kama mwalimu wa dansi anayekugusa kiwiko kwa kidole tu na wewe mwenyewe unakinyoosha.

Na kwa nini tumbo? Hapa ndo wengi wanakosea wanahangaika na mgongo tu. Utumbo wa farasi ni mzito mno na wote umening'inia chini ya uti wa mgongo. Kinachouzuia mgongo usizame ni misuli ya tumbo ikivuta kutoka chini, na ile misuli mirefu ya ndani inayotoka chini ya kiuno kwenda kwenye paja inayokunja nyonga. Ukiongeza uzito wa mpandaji juu yake na tumbo limelegea, mgongo unashuka, nyonga inabaki imefunguka kwa nyuma, mguu hauwezi kuja mbele vizuri, unaburuza. Huyo jike wako ulivomuelezea, tumbo limeshuka mgongo umebonyea matako yamechongoka miguu inaburuza, kama vet hatakuta maumivu basi ni hadithi moja hiyo hiyo, sio matatizo manne.

Kuhusu kama ni kweli au biashara, ushahidi upo ila ni mdogo, tusiuongezee chumvi. Mwaka 2017 kuna watafiti Uingereza walichapisha utafiti, farasi 7 walifanyishwa kazi na hizo bendi kwa wiki 4 halafu wakapimwa kwa vihisio mgongoni wakiwa kwenye troti, ule mwendo wa kukimbia polepole. Mgongo ulipunguza kuyumba upande kwa upande na kujipindua, yani ulitulia. Farasi 7 ni wachache na wiki 4 sio nyingi, wala hawakusema misuli imekuwa minene. Walisema mgongo umekuwa imara zaidi ukiwa kwenye mwendo. Kwangu hiyo inatosha kuipa bendi nafasi yake, haitoshi kuiita dawa.

Sasa namna. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi, kama Equiband ya wale Equicore Concepts wa Marekani, zinakuja na pedi yake yenye vishikizo pembeni, na uzuri wa vishikizo ni kwamba ukivuta kwa haraka vinaachia. Hicho ndo kitu ambacho bendi ya Kariakoo iliyofungwa fundo haina, na hicho ndo kinanifanya nikwambie usiunganishe mwenyewe. Mpira wenyewe wa bendi pana za fizio (tiba ya viungo) hauna shida sana, shida ni unavoshikizwa. Farasi akishtuka bendi imefungwa fundo huwezi kuitoa na yeye hawezi kuitoka.

Bendi ya nyuma inakaa chini ya ile mifupa ya makalio na juu ya kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma, katikati hapo. Ikipanda juu ikaingia chini ya mkia atabana mkia na kurusha, ikishuka sana itamzonga. Ya tumbo inapita katikati ya tumbo nyuma ya mshipi wa tandiko, na kwa kuwa ni jike hakikisha hairudi nyuma mpaka kwenye chuchu. Mvutano tunatumia kama asilimia 30 mwanzoni usizidi, maana yake kipande cha sentimita 100 ukikivuta kifike 130, weka alama kwa kalamu ili kila siku iwe sawa na kila upande uwe sawa, upande mmoja ukikaza zaidi unamfundisha kutembea kombo.

Siku za mwanzo ni dakika tano mpaka kumi, mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisifuatane, na anza na ya tumbo peke yake. Mwendo wa kutembea kwanza. Utashangaa jinsi anavochoka, ile misuli ni midogo na haijazoea. Kesho yake ukimkuta mgongo umekaza au anakataa kupigwa brashi, ulizidisha. Halafu unaongeza kidogo kidogo, troti kidogo, kubadilisha mwendo mara kwa mara, kutembea simama tembea, kupita juu ya miti iliyolazwa chini. Kubadilisha mwendo ndo kunafanya kazi kubwa kuliko kuzunguka duara lile lile nusu saa. Na bendi ni za sehemu tu ya somo, ukimaliza zile dakika unazivua unaendelea bila bendi uone kama kile alichokumbushwa kimebaki.

Nuru_Kgmb

Daktari na dada Zai asanteni mnooo, nimesoma mara mbili. Daktari, mapigo nitaanza kupima, fizi huwa naangalia ni za pinki. Kwato fundi alipita ila nitamwita tena aangalie za nyuma.

Dada Zai hapo kwenye kumzoesha ndo naogopa. Akihisi kitu nyuma ya mapaja anabana mkia na kuruka mbele. Halafu huku hatuna kilima, ni mchanga na tambarare, sasa hiyo kazi ya kunyanyua miguu naifanyia wapi?

SaisiMstaafu

Binti Nuru, mimi nimewatunza farasi tangu kijana, bendi hizi wakati wetu hazikuwepo lakini farasi asiyependa kuguswa nyuma wapo tangu zamani na hutulizwa.

Kwanza usimfunge, mwache mwenzako amshike kwa kamba kichwani, sio kumfunga kwenye mti. Wewe simama ubavuni karibu na bega, usisimame nyuma hata siku moja. Anza na mkono wako, mpapase kutoka begani mgongoni mpaka matakoni mpaka pajani, akitulia toa mkono, ndo malipo yake hayo, kutoa mkono wakati ametulia. Akibana mkia usitoe, ngoja alegeze kwanza. Siku nyingine chukua kamba laini ndefu ya pamba, ipitishe matakoni uishike ncha zote mbili kwa mkono, hujaifunga popote, mpeleke hatua mbili tatu na kamba ikimgusa. Akishtuka achia ncha moja kamba inadondoka, hakuna kilichomkamata. Hivyo kila siku kidogo mpaka uone masikio yamelegea na anapumua kwa kishindo puani na kulamba midomo. Wengine huchukua siku mbili, wengine wiki mbili, usihesabu. Bendi ivae baada ya hapo na siku hiyo asipandwe na mtu.

Mahali pa kazi unapo pazuri sana. Maji yakipwa ule mchanga wa karibu na maji ni mgumu kiasi, haumzamishi. Huo ndo wa kumtembezea. Mchanga mkavu wa juu ulio laini muepushe kabisa kwa sasa, misuli ikiwa dhaifu kano za miguu ndo zinabeba mzigo, na kano ikichanika utakaa mwaka. Halafu mtembeze ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo vya chini vya miguu, utaona mwenyewe anavonyanyua. Maji ya kina yanayomfika tumboni bado, hayo ni kazi nzito. Na umsuuze kwa maji baridi ya bomba ukirudi, chumvi chini ya pedi inachuna.

Ya pili, nunua mirunda minne au mitano wanakouza vifaa vya ujenzi, iliyonyooka, isiwe na misumari. Ichimbie kidogo mchangani isibiringike, maana mrunda ukibiringika chini ya kwato farasi anaanguka. Kwa mwendo wa kutembea nafasi kati ya mrunda na mrunda iwe kama sentimita 80 mpaka 90, ukifika wakati wa troti weka mita 1.2 mpaka 1.4, upime kwa hatua yake mwenyewe maana wengine wafupi. Apite taratibu kichwa kimelegea chini, ukimvuta kichwa juu mgongo unazama na kazi yote bure. Na kumrudisha kinyumenyume, hatua nne tano tu, taratibu, mguu mmoja mmoja akikunja nyonga. Akirudi kwa haraka kichwa juu hajafanya kitu.

Kilima ukitaka mpandishe gari siku moja moja umpeleke upande wa Pugu, lakini sio lazima.

Na jua la Dar wewe unalijua, Desemba mpaka Machi na unyevu huu, kazi ni alfajiri. Saa mbili asubuhi farasi awe kivulini anakunywa maji.

Zai_Mbezi

Shikamoo mzee, hilo la kamba laini ndo hasa, sina cha kuongeza.

Mtoto_wa_Lushoto

Naomba nitofautiane kidogo. Kwa farasi aliyetoka kuumwa mi nisingeanza na bendi kabisa, ningeanza na karoti na nipo serious.

Kuna mazoezi ya kumfanya farasi azungushe shingo na mgongo mwenyewe kwa kufuata karoti akiwa amesimama. Kidevu kifuani, kidevu kati ya magoti ya mbele, kidevu chini kabisa kati ya vifundo, halafu upande, kwenye mshipi, kwenye nyonga, mpaka karibu na kifundo cha mguu wa nyuma, kushoto na kulia. Unamshikilia pale sekunde kama tano ndo unampa. Akiinama vile misuli ya tumbo na ile maltifidasi aliyoitaja daktari ndo inamshikilia asiyumbe. Utafiti wa mwaka 2011 wa Narelle Stubbs na wenzake akiwemo Hilary Clayton ulitumia farasi 8 waliokuwa hawapandwi, kila zoezi mara 5, siku 5 kwa wiki, miezi 3, wakapima maltifidasi kwa altrasaundi kabla na baada, ukakuta umeongezeka unene. Hakuna tandiko, hakuna bendi, hakuna jasho. Kwa mnyama ambaye damu bado inarudi hii unaweza kuifanya hata wiki ambayo daktari amekataza kazi.

Simama kwenye ardhi sawa isiyoteleza, na usimvute kwa nguvu kwenda mbali, akisogeza miguu kwa kudanganya maana yake umeomba mbali mno. Karoti zikate ndefu sio vipande vya duara, vya duara vinaweza kumkwama kooni.

VetMoro

Hapo kwa Lushoto naunga mkono asilimia zote, mpangilio ungekuwa karoti kwanza, kutembea kwa mkono na mirunda ya mzee, bendi ya tumbo, ndo mwisho ya nyuma.

Chaz_Temeke

Asanteni wakuu nimejifunza, tyubu naifuta. Swali, hizo bendi zikishapatikana zinakaa muda gani? Za gym hapa zinakatika haraka sana.

Zai_Mbezi

Swali zuri Chaz. Nyingi ni mpira wa latexi na latexi inachukia vitu vyote vya Dar, jua, joto, chumvi, jasho. Ukiziacha kwenye dirisha la gari ni basi. Zioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, zianike kivulini, pakaza poda kidogo zisigandane, weka ndani pakavu. Kila kabla ya kufunga ivute mbele ya macho uiangalie kwenye mwanga, ukiona hata kimpasuko kidogo pembeni au rangi imepauka na kunata, tupa. Usijaribu kuimalizia, ikikatika kwenye troti inampiga tumboni au inakupiga wewe usoni.

Na Nuru, bandani asivae hata dakika moja bila mtu. Hata kwenda kuchukua simu ndani, vua kwanza.

Nuru_Kgmb

Shikamoo mzee wangu na asanteni wote. Nimempima leo asubuhi akiwa ametulia, mapigo 40, joto 37.9, fizi pinki. Karoti tumeanza jioni hii, upande wa kushoto anafika kwenye nyonga vizuri, kulia anaishia kwenye mshipi halafu anasogeza miguu. Daktari wa huku nimempigia anakuja Jumamosi kumuangalia mgongo na kuchukua damu. Siku mbili hizi alikuwa kama amekaza nyuma, nina byuti (ile dawa ya maumivu) iliyobaki ya mwaka jana, nimpe kidogo mpaka daktari afike?

VetMoro

Usimpe. Byuti ni ya kutuliza maumivu, ukimpa leo au kesho, daktari akija Jumamosi atakuta farasi anayetembea vizuri na mgongo usiouma ukibonyezwa, na utafunga bendi ukidhani mzima. Akae bila dawa, atembee kwa mkono tu, bila mirunda, na hilo la kulia kukwama kwenye mshipi mwambie daktari hilo kwanza kabla ya yote, aanzie kubonyeza upande huo. Na hiyo ya mwaka jana angalia tarehe ya mwisho kwenye boksi. Ila kama kukaza kutazidi, au akakataa kula, au mapigo yakapita 44 ametulia, usingoje Jumamosi, mpigie usiku huo huo.